Kilo Ishirini za Maji

Mtu aliyekulia Mhezi, kwenye milima ya Upare Kusini wilayani Same, hukua akijua kwamba maji ni kitu kinachoshuka. Hutoka msituni, hufuata mfereji, huingia kwenye bwawa dogo liitwalo ndiva, hulala humo usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu yateremke shamba hadi shamba. Anayechota atapanda nayo kidogo mpaka jikoni, lakini sehemu kubwa ya safari maji yameimaliza yenyewe, bila nauli, kwa kuwa mlima umeinama. Ukishuka Same mjini hesabu inageuka. Mji umekaa kwenye kivuli cha mvua, na kwa miaka mingi maji ya huko yalikuwa kitu cha kubebwa: kwa boza, kwa mkokoteni, kwa pikipiki yenye madumu ya njano ubavuni. Hapo ndipo Mpare alipojifunza kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, na kwamba kilo hiyo lazima imwelemee mtu fulani.

Yako maji ya aina ya tatu, ambayo Mhezi haiyajui na Same haiyajui: maji yanayobebwa kuingia penye baridi ya kugandisha. Baridi tunayo. Juni hadi Agosti ukungu hulala kwenye migomba mpaka jua lipande, watoto huenda shule wakipuliza mikono, na maji ya alfajiri hukata vidole. Lakini baridi yetu humsumbua anayechota. Maji yenyewe haiyagusi. Kuna mahali ambapo baridi huja kuyadai maji yenyewe, yakiwa tayari chomboni, yakiwa yameshalipiwa jasho. Kila nikiyafikiria maji hayo narudi kwenye swali lile lile: nani anayabeba, na je, kazi yake imo kwenye hesabu?

Tuanze mbali, ambako jambo hili limekuwa ufundi. Marekani na Kanada wako watu wanaosafiri na nyumba zao: gari kubwa lenye kitanda, jiko, choo na bafu, na chini ya sakafu tenki la maji safi, pampu ndogo ya umeme, na mabomba membamba yanayopita nyuma ya makabati. Tenki la lita 200 ni kilo 200 zinazokwenda nao kila waendako, na injini ndiyo inayozilipia. Majira ya joto hakuna anayelikumbuka tenki hilo. Baridi ikiingia, safari nzima hugeuka kuwa ulinzi wa maji.

Vitu vingi vikipoa husinyaa. Maji nayo husinyaa, lakini yakifika nyuzi 4 za Selsiasi hubadili mwendo na kuanza kutanuka, na yakiganda ukubwa wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Kwenye ziwa ongezeko hilo ni rehema: barafu huelea juu, samaki huishi chini. Kwenye bomba lililofungwa halina pa kwenda. Barafu inapokua husukuma maji yaliyo mbele yake kuelekea koki, shinikizo hupanda, na mara nyingi bomba hupasukia hapo katikati, mahali ambapo maji bado ni maji. Mwenye gari asijue. Yanachuruzika matone machache tu, kwa sababu barafu yenyewe imeziba njia. Atajua siku hewa ikipata joto, barafu ikiyeyuka na zulia likilowa.

Kinachoganda kwanza ni kile chembamba. Mpira unaounganisha gari na bomba la nje hutangulia, hufuata kona za mabomba na koki, tenki huja mwisho. Maji machache yaliyozungukwa na baridi pande zote hayana joto la kujitetea, ilhali maji mengi yaliyokusanyika pamoja huchukua muda mrefu kupoa. Kwa hiyo wasafiri wa huko hufungua kila koki, humwaga kila tone, hupuliza hewa kwenye mabomba, kisha huyapitishia dawa ya waridi iitwayo propilini glaikoli, ambayo haiui mtu, tofauti na ile ethilini glaikoli ya rejeta za magari ambayo ni sumu. Wahenga wetu walituonya kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Huko mtu humwaga kwa hiari, mapema, ili kesho awe na bomba.

Lakini wako wasiotaka kumwaga, wanaotaka kusafiri na maji yao katikati ya baridi. Hao hulazimika kupitisha hewa ya moto chini ya sakafu, kufunga nyaya za umeme za kupasha mabomba, kuacha milango ya makabati wazi ili joto la chumba lifike nyuma, na kuwasha kipasha joto cha gesi usiku kucha. Hapo ndipo siri ya jambo hili inapojitokeza. Anayebeba maji penye baridi hubeba mizigo miwili: maji, na moto wa kuyalinda. Tenki lisilo na moto ni shehena ya barafu. Kiswahili chetu kimefika huko pia, kwa Wakongo wa mashariki waliopokelewa kama wakimbizi na kwa Watanzania na Wakenya waliofuata shule na kazi, na wengi wao wamelijifunza somo hilo kwenye nyumba zisizo na magurudumu: usiku wa baridi kali acha koki idondoshe maji, na usizime kipasha joto hata ukisafiri.

Kwenye gari la namna hiyo mizigo yote miwili hubebwa na mashine. Sasa toa mashine, weka mtu.

Siku hewa ikiwa safi, kutoka upande wa magharibi wa milima yetu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana kaskazini-magharibi, cheupe juu ya mawingu. Huko ndiko Watanzania wanakosafiri na maji kwenye baridi ya kugandisha kila siku ya msimu, na ndiko ninakotaka tufikirie. Wageni wengi hupanda kwa njia ya Machame au ya Lemosho, na njia hizo mbili huungana kuelekea kambi ya Barafu, iliyo kwenye mita 4,673. Kambi hiyo haina chemchemi wala kijito. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga, chini kidogo ya kambi ya Karanga iliyo karibu na mita 4,000. Ili chai inywewe Barafu lazima mtu ateremke bondeni, achote, apande tena ukingo, kisha aendelee kupanda karibu mita 700 nyingine kwenye mawe na vumbi. Njia ya Marangu nayo ina sheria hiyo hiyo. Kati ya Horombo na Kibo Hut kuna kibao kinachomwambia mpandaji kwamba hapo ndipo maji ya mwisho, na Kibo Hut, kwenye mita 4,700 na ushei, huishi kwa maji ya kubebwa.

Fanya hesabu ya kundi dogo. Wageni wanne, kila mmoja ameagizwa anywe lita nne kwa siku, kwa kuwa mwili hupoteza maji mengi kwenye hewa kavu ya juu: lita 16. Wahudumu kumi na wawili, lita mbili mbili za kunywa, na hapo nimewabania: lita 24. Jumla lita 40 kabla ya supu, kabla ya uji, kabla ya maji ya kunawa yanayopelekwa hemani kwenye beseni, kabla ya kuosha sufuria. Lita 40 ni madumu mawili. Sheria ya hifadhi imeweka kikomo cha mzigo wa mpagazi kuwa kilo 20, na dumu la lita 20, chombo tunachokijua kuliko mizani, likijaa limeshamaliza kikomo hicho lenyewe, bila kuhesabu plastiki yake.

Langoni mwa hifadhi kuna mizani. Mabegi hupimwa, mahema hupimwa, unga, mayai na mitungi ya gesi hupimwa, na kila mpagazi hupata fungu lake. Maji ya Barafu hayapimwi langoni kwa sababu langoni hayajachotwa. Yatachotwa siku kadhaa baadaye, juu sana, na vijana walioamka alfajiri, wakafungua kambi, wakawapita wageni njiani wakiwa na mizigo yao vichwani, wakafika, wakasimamisha mahema, na pengine wakarudi tena Karanga na madumu matupu. Mzigo huo haumo kwenye karatasi ya lango, na wala mgeni hauoni, kwa sababu akifika Barafu anaikuta birika inafuka. Ndiyo maana nilisema habari ya bomba lililopasuka. Ufa hutokea mahali pasipoonekana, na mwenye gari huendelea kuamini kwamba kila kitu ni kizima.

Mtu anaweza kuuliza: si kuna barafu huko juu? Kwa nini wasiyeyushe? Jibu limo kwenye hesabu ya joto. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iwe maji yenye ubaridi ule ule wa sifuri huhitaji joto sawa na la kupasha kilo hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzi sifuri hadi 80. Kwenye kimo cha Barafu hewa ni nyepesi na maji huchemka karibu nyuzi 85. Maana yake, anayeanza na barafu hulipia gesi karibu mara mbili ya anayeanza na maji baridi, na gesi hiyo nayo imepanda kichwani kwa mtu. Tena gesi yenyewe huogopa baridi: butani ikipoa sana hutoka kwenye mtungi kwa shida. Miguu ya mpagazi ni nafuu kuliko moto, na biashara hufuata nafuu.

Hizo nyuzi 85 zinamgusa Mpare mahali pake. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja, na chakula kinachotaka kuchemshwa sana hukataa kuiva. Hata nyumbani makande hayana haraka. Mahindi na maharage huinjikwa asubuhi na mtu akaenda shamba akarudi. Kuyaivisha Barafu ungetumia mtungi mzima na bado ungetafuna. Ndiyo maana wapishi wa mlimani hupika supu, tambi, uji na wali wa kuloweka, vitu vyepesi, na vyote ni vya maji. Kadiri unavyopanda, chakula hutaka maji zaidi, na maji yenyewe yanazidi kuwa mbali.

Kisha unaingia usiku wa kilele. Wapandaji huamshwa kabla ya saa sita, hunywa chai, na hujazwa chupa zao maji ya moto. Mbele yao kuna saa sita au zaidi za kupanda gizani kwenye baridi ambayo mara nyingi hushuka nyuzi 10 chini ya sifuri na wakati mwingine zaidi, kukiwa na upepo. Hapo kiongozi huanza kutoa maagizo, na mtu aliyewahi kumsikiliza mwenye gari la huko kaskazini atayatambua yote. Chupa ivalishwe soksi nene. Iwekwe kifudifudi, kwa sababu barafu huanzia juu, na ikianzia upande wa kitako mdomo utabaki wazi. Anayenywea mpira uliounganishwa na mfuko wa mgongoni apulize maji yarudi mfukoni kila akimaliza kunywa, kwa kuwa mpira mwembamba ndio utakaoganda kwanza na kumwacha na lita mbili mgongoni asizoweza kuzifikia. Chupa moja ikae ndani ya koti, karibu na mwili. Moto unaolinda maji saa hiyo ni mwili wa mtu, na mwili huo umeshiba uji uliopikwa kwa maji ya dumu.

Ndipo wanapofika kilele cha Uhuru, mita 5,895, jua likichomoza, wanapiga picha mbele ya kibao. Pichani wamo wageni na viongozi wao. Waliobeba maji wako Barafu, wengine wanafunga mahema, wengine wanachemsha maji ya kuwapokea.

Jambo hili lina historia. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima huo Mei 1848, aliandika kwamba kiongozi wake, Mswahili Bwana Kheri, aliuita ule weupe baridi tu. Alisimuliwa pia habari ya watu waliotumwa na mtawala wa Uchagani wakalete kile kilichodhaniwa kuwa fedha, kikawageukia maji. Wataalamu wa Ulaya walimbishia Rebmann kwa miaka: theluji karibu na ikweta? Mwaka 1889, tarehe 6 Oktoba, Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo, na majina yao yameingia kwenye kila kitabu. Safari zilizotangulia zilikuwa zimekwamishwa na upungufu wa mahitaji. Meyer alifaulu kwa sababu alipanga kambi kwa ngazi, wapagazi wakipandisha chakula kutoka chini kwa zamu, ili asilazimike kushuka kila anapoishiwa. Na kwenye kambi za juu alikuwapo Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyepika na kuzipatia kambi maji na kuni.

Maji na kuni: mizigo ile ile miwili. Mtu wa pwani, kutoka mahali ambapo baridi kubwa ni upepo wa kusi, alikaa siku nyingi mahali maji yanapoganda usiku akihakikisha kwamba asubuhi kuna kitu cha kunywa. Wazungu wawili walikwenda wakarudi, wakashindwa mara ya kwanza, wakapumzika, wakajaribu tena, na waliweza kujaribu tena kwa sababu sufuria haikuwa tupu. Jina la Mwini Amani limebaki kwa kuwa Meyer aliliandika. Wa leo huandikwa kwenye orodha ya lango, na orodha hiyo haiendi vitabuni.

Barafu yenyewe inapungua. Watafiti walioongozwa na Lonnie Thompson walionyesha mwaka 2009 kwamba kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ulikuwa umepoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Watu wengi hudhani barafu ikiisha mito ya chini nayo itakauka. Mito mingi ya Kilimanjaro hutegemea zaidi mvua na ukungu wa msituni kuliko theluji ya kileleni, na hilo watu wa Upare hawahitaji kufundishwa. Milima yetu haina barafu hata kidogo. Kilele chake kirefu, Shengena, kina mita 2,462, kimefunikwa na msitu wa hifadhi ya Chome, na msitu huo ndio unaokamua mawingu na kuyateremsha kwenye mifereji. Mtu wa Mhezi akitazama weupe wa Kibo aone uzuri. Chanzo cha maji atazame mitini.

Nimetaja ndiva, na nataka kuirudia kwa sababu ndani yake mna jibu la swali langu. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, kazi ya mikono ya vizazi. Mfereji mwembamba unaotiririka mchana na usiku haufiki mbali. Udongo huunywa njiani. Ukiyakusanya maji ya usiku mahali pamoja na kuyafungulia asubuhi yote kwa mkupuo, yatafika shamba la mwisho. Ni kanuni ile ile ya tenki na mpira: machache yaliyotawanyika hupotea, mengi yaliyokusanyika hudumu. Wazee waliochimba ndiva waliijua kanuni hiyo bila kuona bomba lililoganda.

Lakini ndiva ni zaidi ya shimo. Ina zamu, ina kamati, na ina msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Mfereji ukijaa tope, watu huitwa; asiyekuja hutozwa faini, na akizidi kukaidi zamu yake ya maji huwa mashakani. Kwa hiyo kila anayefungua maji shambani kwake anajua nani alichimba, nani alizibua, nani hakutokea. Kazi ya maji imo kwenye daftari la kijiji au kwenye kumbukumbu ya wazee, na hesabu yake ni kali. Msaragambo nao una manung'uniko yake: walio juu hulaumiwa kwa kukinga, walio chini hulalamika zamu zimerukwa. Hata hivyo hakuna anayejifanya kwamba maji yalijileta.

Kule Kilimanjaro mpango huo umevunjika. Mgeni amelipa, kampuni imepokea, mpagazi ameajiriwa, na kila mmoja anaweza kusema haki imetendeka. Nayasikia maneno hayo, na sehemu yake ni kweli. Kazi ya mlima imejenga nyumba, imesomesha watoto, na miongoni mwa wagumu, kama wanavyojiita, wamo Wachaga, wamo Wapare, wamo vijana kutoka mikoa mingine waliokuja Moshi na Arusha kutafuta. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tatizo langu liko kwenye ile sehemu ya mzigo isiyopitia kwenye mizani. Kampuni inapopanga idadi ya wapagazi kwa kilo za langoni pekee, maji ya Barafu huwa yamegawiwa kwa siri kwa wale wale ambao tayari wamejaa. Kampuni inayopunguza wapagazi wawili ili bei ishuke haijapunguza lita hata moja. Imezihamisha shingoni kwa waliobaki.

Na baridi haihurumii. Anayebeba dumu huloa: maji humwagika kifunikoni, hushuka shingoni, huingia kwenye sweta, na jua likizama sweta hilo hukakamaa. Wapagazi wengi hupanda na nguo walizonazo. Kilimanjaro Porters Assistance Project, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 na wenye ofisi Moshi, huazima wapagazi makoti, viatu na glavu, na hufuatilia kampuni zinazolipa na kulisha watu wake vizuri. Kuwapo kwa stoo ya kuazima makoti kunasema jambo ambalo brosha za utalii hazisemi. Gari la kaskazini likikosa ulinzi, hasara ni bomba. Huku ikikosekana glavu, hasara ni vidole.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Mtanzania anayepanda kusherehekea Uhuru Desemba 9, mwanafunzi wa chuo aliyepata bei ya mzawa, mfanyakazi wa benki aliyepanda na wenzake kuchangisha fedha za hisani, wote hao huikuta birika inafuka, na wote husema maji yapo. Sisi ambao bibi zetu walibeba ndoo tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza yametoka wapi. Tukishavaa jaketi la kukodi na kushika fimbo mbili, huwa tumesahau.

Marekebisho yake hayahitaji mkutano wa kimataifa. Kampuni iandike maji ya Barafu na ya Kibo Hut kwenye mpango wa mizigo kama inavyoandika mahema: lita ngapi, safari ngapi, watu wangapi. Iongeze wapagazi kwa hesabu hiyo. Anayerudi Karanga mara ya pili alipwe safari ya pili. Madumu yajazwe nusu ikibidi, ili mtu abebe kilo 10 na arudi mzima. Mizani ya langoni iwe na ndugu yake Karanga. Na mgeni apunguze beseni la kunawa jioni ya kilele, kwa kuwa uso mchafu haujamzuia mtu kufika Uhuru.

Nawe msomaji, ukiamua kupanda, mwaka huu au mwaka ujao, kabla hujalipa uliza swali moja: maji tutakayokunywa Barafu yatabebwa na watu wangapi, na watalipwaje? Kampuni iliyoyahesabu itakujibu kwa namba. Isiyoyahesabu itakuambia usijali, maji yatakuwepo. Hiyo ya pili usipande nayo.